Kusomea bahari ukiwa sekondari Mombasa: biolojia, oshenografia au teknolojia ya uvuvi?

Mtoto wa Mombasa akisema anataka kusomea bahari, mzazi aghalabu husikia unahodha au kazi ya bandarini. Mwalimu husikia Biolojia. Kumbe ndani ya kauli hiyo mna njia zisizofanana hata kidogo, na mwanafunzi wa Gredi ya 9 hutakiwa kuchagua kabla hajaeleza vizuri ni bahari ipi aliyo nayo kichwani: ya viumbe, ya maji yenyewe, au ya chombo na nyavu.

Zamani kosa la uchaguzi lilisameheka. Aliyebeba Biolojia, Fizikia na Kemia hadi KCSE angeweza kuamua akifika chuo kikuu, na wanaomalizia mfumo huo, ambao mtihani wake wa mwisho ni wa 2027, bado wana nafasi hiyo. Lakini kundi la kwanza la mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na huko Sekondari Pevu mwanafunzi huchagua masomo matatu tu juu ya yale ya lazima. Matatu hayo ndiyo yanayofungua mlango au kuuziba.

Njia zenyewe ni hizi. Ya kwanza ni biolojia ya bahari, yaani elimu ya viumbe: matumbawe, samaki, kasa, mikoko, nyasi za bahari. Shuleni haina somo la jina hilo. Huifikia kupitia Biolojia. Ya pili ni oshenografia, elimu ya maji yenyewe: joto lake, chumvi yake, mikondo, mawimbi, kupwa na kujaa, na sakafu iliyo chini yake. Hii nayo haina somo lake; imegawanyika kati ya Fizikia, Kemia, Hisabati na Jiografia. Ya tatu ni Teknolojia ya Bahari na Uvuvi, ambayo ni somo kamili katika mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), upande wa masomo ya kiufundi.

Vigezo nitakavyotumia ni vitano: swali linalokuvuta, masomo yanayodaiwa, kazi ya uwandani unayoweza kufanya hapa hapa, njia baada ya shule, na aina ya mtu anayeiweza. Mshahara nimeuacha makusudi. Katika fani hizi mfuko hutegemea zaidi nani amekuajiri kuliko ulisomea nini, na mtu akikutajia kiasi leo, kwa miaka utakayokuwa umemaliza kitakuwa kimebadilika.

Swali linalokuvuta

Chukua tukio moja uone tofauti. Mwaka 1998, kufuatia El Niño, maji ya pwani yetu yalipata joto kupita kiasi. Matumbawe yakatoa vijimea vidogo mno vinavyoishi ndani yake na kuyalisha, yakapauka, na mengi yakafa.

Mwanabiolojia akifika hapo atauliza: matumbawe ya jamii gani yamesalimika, na kwa nini hayo? Samaki gani wamehama? Machanga mapya yataanza kushika mwambani lini? Biolojia ya bahari ni elimu ya nani anamla nani na nani anamtegemea nani, na pwani ya Kenya imetoa mifano inayosomwa duniani. Wavuvi wakimaliza samaki aitwaye kikande miambani, wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi (sea urchins kwa Kiingereza) huzidi kwa sababu mlaji wao hayupo. Nao wakizidi, huutafuna mwamba wenyewe. Au kasa: joto la mchanga wa kiota ndilo linaloamua mayai yatatoa majike au madume, na mchanga ukizidi joto majike huwa wengi mno. Ukisoma haya na ukajikuta unataka kujua zaidi juu ya kikande, jibu lako umeshaanza kulipata.

Mwanaoshenografia, katika tukio lile lile la 1998, hamwangalii samaki. Anauliza lile joto lilitoka wapi, lilikaa muda gani, na kama lingeweza kuonekana mapema. Maswali yake ni makubwa kwa eneo na kwa muda. Mvua kubwa za mwisho wa 2019 zilizofurika Kenya zilihusiana na upande wa magharibi wa Bahari Hindi kupata joto kuliko ule wa mashariki, tofauti ambayo wanasayansi waliieleza rasmi 1999 tu. Au mkondo unaopita mbele yetu: unatoka Tanzania kuja kaskazini mwaka mzima, lakini wakati wa kaskazi hukutana na mkondo wa Somalia unaoshuka kusini, kisha yote miwili ikageukia bahari kuu. Wakati wa kusi huungana na kupanda pamoja. Mabaharia wa majahazi walizipanga safari zao kwa pepo hizi karne nyingi kabla ya kuwapo maabara. Oshenografia ni kuuliza jambo hilo hilo kwa kipimo.

Mwanafunzi wa teknolojia ya uvuvi atauliza: mvuvi wa dema aliyezoea ndani ya mwamba sasa atavua wapi? Chombo chake kinaweza kutoka nje ya mwamba? Samaki atamfikisha sokoni akiwa mzima au ameharibika? Kwake bahari ni kazi ya kufanyika leo. Ndani yake mna zana na nyavu halali na haramu, boti na usalama, uhifadhi wa samaki, na ufugaji, kama wa mwatiko na kaa katika mabwawa ya maji chumvi au kilimo cha mwani kule Kibuyuni, Kwale.

Masomo yanayodaiwa

Kwa biolojia ya bahari, Biolojia na Kemia haziepukiki. La tatu lina nafasi: Fizikia, Jiografia au Kilimo, kulingana na shule inavyopanga michanganyiko. Ila niseme jambo linalofichwa. Wengi hukimbilia huku wakidhani wameikwepa hisabati. Ukihesabu kombe katika miraba hamsini utahitaji wastani, mtawanyiko na grafu, na chuo kikuu utakutana na takwimu kila muhula. Afadhali uzizoee sasa.

Oshenografia inadai Fizikia bila mjadala, na Hisabati nzuri (ambayo ni kati ya masomo ya lazima), pamoja na Kemia au Jiografia. Jiografia ya shule hugusa mawimbi, mikondo na sura za pwani, nayo ni utangulizi mzuri, lakini peke yake haimfikishi mtu. Huu ndio mlango unaoziba upesi zaidi kati ya yote mitatu. Aliyeiacha Fizikia Gredi ya 10 huirudia kwa taabu. Aliyeiacha Biolojia anaweza kujisomea hiyo biolojia anayohitaji.

Teknolojia ya Bahari na Uvuvi ni somo moja, kwa hiyo linakuachia mengine mawili. Ukiweza kuliambatanisha na Biolojia na Kemia, umejiwekea njia mbili kwa wakati mmoja. Tatizo ni upatikanaji: si kila shule inalo, wala si kila shule yenye jina la somo ina vifaa na mwalimu. Kabla ya kuijaza shule kwenye fomu, mzazi aende mwenyewe, aombe kuoneshwa karakana.

Kwa walio katika shule za mtaala wa Uingereza, Cambridge ina mtihani wa Marine Science katika ngazi ya A Level, unaochanganya biolojia na oshenografia. Ni wa maana ikiwa shule yako inaufundisha. Usiuchukue badala ya Biolojia au Fizikia. Uchukue juu ya mojawapo.

Kazi ya uwandani

Hapa ndipo Mombasa inapoipita Nairobi, na ndipo shule zetu zinapozembea zaidi. Mwanafunzi anaweza kumaliza sura nzima ya ikolojia akichora ziwa la kitabuni ilhali bahari iko nyuma ya ukuta.

Kwa biolojia, siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ya kwetu hupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi. Yaani wakati wa masomo, mchana kweupe. Mwamba wa Nyali au Bamburi unabaki wazi, na darasa lenye kiunzi cha mraba cha mabomba ya plastiki, kamba na madaftari linaweza kuhesabu viumbe kutoka ufuoni hadi ukingo wa mwamba na kuona jinsi wanavyobadilika hatua kwa hatua. Viatu vigumu ni lazima, kwa ajili ya wale viumbe wa miiba na samaki wenye sumu wanaofanana na jiwe. Asimamie mtu anayeijua saa ya maji kujaa: maji hurudi kupitia mikondo ya nyuma yako kabla hujayaona mbele. Eneo hilo lina hifadhi ya baharini iliyotangazwa 1986, kwa hiyo ndani ya mipaka yake taratibu za KWS, shirika la wanyamapori, zifuatwe, na kiumbe asichukuliwe.

Kisha kuna mikoko. Kenya ina jamii 9, na katika hori za Tudor, Port Reitz na Mtwapa mwanafunzi anaweza kujifunza kutofautisha mkoko, mchu, mkandaa na mlilana kwa mizizi na majani tu. Mlilana hutangulia mbele majini, mchu huvumilia hata nyuma kunakokauka. Ukiweza kufika Gazi, kule Kwale, utaona jamii iliyoanza 2013 kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko yake, mradi wa kwanza wa aina hiyo duniani. Kazi ya mikoko haihitaji kuogelea. Nalisema hili kwa sababu wapo mabinti wanaokatazwa nyumbani kwa hofu ya maji na mavazi, ilhali wanawake wa pwani wamekuwa wakichokoa pweza miambani tangu hapo.

Oshenografia nayo ina kazi nzuri na za bei nafuu, ila hazina mvuto wa haraka. Simika mti wenye alama za sentimita kwenye ngazi au gati tulivu, soma kina kila nusu saa kwa siku nzima, kisha linganisha na jedwali la kupwa na kujaa la Mamlaka ya Bandari. Utaona maji yanajaa mara mbili kwa siku, kila siku yakichelewa kwa takriban dakika 50, na wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Hapo ndipo utaelewa kwa nini kivukoni Likoni malori huambiwa yasubiri maji yakipwa mno. Tupa nazi kavu majini mlangoni mwa hori, pima muda inaotumia kupita kati ya alama mbili, umepata kasi ya mkondo. Teremsha kisahani cheupe kwa kamba hadi kisionekane, umepata uangavu wa maji. Rudia wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, uone tofauti.

Na kuna data. Duniani pana maboya ya Argo karibu 4,000 yanayozama hadi mita 2,000 na kuibuka takriban kila siku 10 yakiwa na vipimo vya joto na chumvi, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuvichukua bure. Mwanafunzi wa Changamwe mwenye kompyuta ya shule anasoma namba zile zile anazosoma profesa. Ni kweli kwamba kazi nyingi ya mwanaoshenografia hufanyika mbele ya skrini, na wanaoota meli huvunjika moyo wakiligundua hili. Meli ipo, kwa mfano Mtafiti ya taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, lakini saa za skrini ni nyingi kuliko za sitahani.

Teknolojia ya uvuvi ina darasa lake dikoni. Pima urefu wa tasi na changu wanaoshushwa, andika wamevuliwa kwa zana gani, linganisha dema na nyavu, uone nani analeta wachanga. Viongozi wa BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, wakiombwa kwa heshima na mapema hukubali. Wavuvi wazee wana elimu isiyoandikwa popote, nao hawapendi kuulizwa maswali na kijana mwenye karatasi asiyemsaidia mtu kuvuta ngalawa.

Njia baada ya shule

Biolojia ya bahari ina njia fupi kuliko zote kwa mkaazi wa pwani. Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, hufundisha shahada ya biolojia ya bahari na uvuvi, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kina shahada ya usimamizi wa rasilimali za bahari. Makao makuu ya KMFRI yako Mkomani, na mashirika ya uhifadhi yenye ofisi Mombasa si haba. Ubaya wake ni kwamba wengi wanaijua njia hii, na nafasi za kazi zenye ajira ya kudumu ni chache kuliko wahitimu.

Oshenografia ina njia ndefu. Hapa nchini mtu huanza kwa kawaida na shahada ya Fizikia, Hisabati, hali ya hewa au Jiografia, kisha huingia baharini kwenye shahada ya uzamili. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Zanzibar, jirani kabisa kwetu. Wanaofika huko ni wachache, na ujuzi walioubeba unauzika nje ya bahari pia: utabiri wa hali ya hewa, bandari, uhandisi wa pwani, uchambuzi wa data.

Teknolojia ya uvuvi ndiyo inayofika kazini upesi. Anayetaka stashahada badala ya shahada anaweza kuelekea vyuo vya ufundi au Bandari Maritime Academy hapa Mombasa, na anayefuga samaki anaweza kuanza na bwawa la familia. Aende akijua kwamba shahada ikitamaniwa baadaye, vyuo vikuu vitaangalia Biolojia, Kemia na Hisabati alizopata.

Nani anaiweza ipi

Biolojia ya bahari humfaa mwenye jicho la kutofautisha na subira ya kuhesabu, asiyechoka kurudi mwamba ule ule. Oshenografia humfaa anayependa grafu kuliko picha, anayefurahia kuona namba zikikubaliana, na asiyeudhika iwapo nyumbani hawaelewi anasomea nini. Teknolojia ya uvuvi humfaa mwenye mikono, anayetaka kitu kifanye kazi mwisho wa siku, na anayeongea vizuri na watu. Kuogelea ni faida kwa wote, kwa huyu wa mwisho ni wajibu.

Kwa hali yako

Kama hujaamua na shule inakuruhusu, chukua Biolojia, Kemia na Fizikia. Ni mchanganyiko mzito, lakini unaweka wazi milango miwili ya kwanza, na Kemia inasaidia pande zote.

Kama Fizikia inakushinda kweli, si kwa sababu ya mwalimu mmoja bali umejaribu na imekataa, usijilazimishe oshenografia kwa kupenda jina. Biolojia na Kemia pamoja na Jiografia zitakupeleka Pwani au Kiufundi bila aibu yoyote.

Kama unaipenda Hisabati na bahari unaipenda kwa mbali, oshenografia ina ushindani mdogo kuliko udaktari, na wachache sana wa rika lako watakuwa wamefikiria kuifuata.

Kama familia inategemea bahari, au karo ya chuo kikuu ni kitendawili, tafuta shule yenye Teknolojia ya Bahari na Uvuvi na uiambatanishe na Biolojia. Ukiikosa karibu, usihamie kaunti nyingine kwa ajili ya somo moja kabla hujaiona karakana yake.

Kama uko Kidato cha 3 au cha 4 chini ya mfumo wa zamani, masomo umeshachagua. Kilichobaki ni uwandani. Likizo ya Aprili huangukia kati ya kaskazi na kusi. Angalia jedwali la maji, tafuta siku za bamvua, na muombe mwalimu wa Biolojia awape ruhusa na mtu wa kuwasimamia.

Na kama wewe ni mzazi, jambo la kuuliza siku ya kujaza fomu ni dogo: shule hii ilipeleka wanafunzi ufuoni mara ya mwisho lini, na walirudi na nini daftarini?